Mathenge haitaki panga: kwa wadogo zangu mlioingia juzi kazi ya kuing'oa

Jamani wadogo zangu, nimepita kwa yale malisho mmesafisha nikakuta visiki vya mathenge, huu mti wa miiba unaovamia malisho (Prosopis), vimesimama mpaka magotini, tena vibichi. Someni hii kabla hamjashika panga tena.

1. Kata chini ya udongo. Macho ya kuchipua yamejaa pale shina linapokutana na mizizi, ukikata juu yake umeyaamsha yote. Kuna vijana fulani huku Baringo walifyeka malisho makubwa kwa panga kabla ya mvua, wakatoa jasho kweli, miiba ikawatoboa hadi kwa akala, wazee wakafurahi wakawachinjia mbuzi. Mvua ikanyesha. Kila kisiki kikatoa mashina mengi yamebanana, yametanda chini na miiba yake, na pale ng'ombe alikuwa anapita kando ya mti mmoja sasa hata mbuzi hapenyi. Wazee hawakugomba, walinyamaza tu, lakini walipoitwa kazi tena hakuna boma lilitoa mtu, na mnajua bila watu kutoka hii kazi imekufa. Ndio maana nawasumbua na jembe na sururu kila siku! Chimba pembeni, shuka sentimita 30 hivi, kata hapo. Afadhali mng'oe michache kwa siku na isirudi.

2. Maganda yake yenye mbegu okoteni mapema, pelekeni posho mill yasagwe yawe chakula cha mifugo. Mbuzi akila mazima mbegu inatoka na mavi ikiwa hai na mbolea juu, kwa hivyo msiwafungulie waliotoka kula maganda waingie mahali mmesafisha. Halafu ile sukari ya maganda inaharibu meno, Wailchamus, wafugaji wa huku Baringo, walipoishtaki serikali 2006 walipeleka mbuzi asiye na meno mpaka kortini Nairobi, maana huu mti uliletwa kwao miaka ya 80 kama wa kuni na kuzuia jangwa, na waliobaki na hasara ni wafugaji.

3. Mkitaka kuchoma makaa, kibali kwanza.

4. Pandeni nyasi mvua ikikaribia, ardhi ikibaki wazi mathenge inairudia, mbegu zake hukaa humo miaka. Na mvua ikiisha pitieni tena, kila boma na kipande chake, mng'oe miche kwa mkono ikiwa bado laini.