Fundi wa Lenzi Anajibu: Hiyo "Mara 525" Ni ya Kwenye Boksi

Mchana kazi yangu ni kufungua na kusafisha binokula za madereva wa watalii, hapa Kaloleni, Arusha. Usiku natazama juu, mke wangu ananiuliza kama kuna kitu nimepoteza huko. Barua za mwezi huu karibu zote ni za darubini, basi nimeziweka pamoja.

*Shikamoo fundi. Binti yangu yuko darasa la sita, hanipi pumzi, anataka darubini ya kuangalia nyota. Dukani nimeona moja ndefu ya lenzi ya milimita 60, boksi limeandikwa "inakuza mara 525", wanataka laki mbili na themanini. Ipo nyingine fupi nene, ya kioo cha milimita 130, haina miguu, inakaa juu ya meza. Hiyo bei yake karibu mara mbili na namba iliyoandikwa ni ndogo. Nichukue ipi? (Mama, mtaa wa Sakina)*

Marahaba mama. Kwanza nikuonyeshe hiyo 525 ilikotoka. Darubini za namna hiyo mara nyingi zina urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi mpaka mwanga unapokutana, wa milimita 700, utaona F700 imechapwa kwenye bomba. Gawa kwa kilenzi cha jicho, ile lenzi ndogo unayochungulia, cha milimita 4, unapata 175. Halafu ndani ya boksi wanakutilia lenzi ya Barlow ya kuzidisha mara tatu: 175 mara 3, ndiyo hiyo 525. Hesabu ni sahihi. Ila lenzi ya milimita 60 haikusanyi mwanga wa kutosha kwa ukubwa huo. Sisi tunachukua upana wa lenzi kwa milimita, tunazidisha kwa mbili: hapo mwisho wako ni kama mara 120, tena hewa ikiwa imetulia. Ukizidi unakuza ukungu. Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, alikuwa na darubini ya kukuza kama mara 20 tu, na Januari 1610 akaiona miezi minne ya sayari ya Mshtarii.

Kwa hiyo usiulize inakuza mara ngapi, uliza mdomo wake una upana gani. Mvua ikinyesha ukakinga kwa kikombe na jirani akakinga kwa karai, mnajua nani ataoga. Kioo cha milimita 130 kinakinga mwanga karibu mara tano ya lenzi ya 60. Kama mfuko unaruhusu, chukua hiyo fupi nene. Kitako chake cha mbao ni mtindo uliopata umaarufu kwa John Dobson, mtawa wa San Francisco aliyekuwa anatengeneza darubini kwa mabaki ya mbao na kuzitoa barabarani usiku ili wapita njia wachungulie. Inazunguka kushoto na kulia, inapanda na kushuka, basi. Mtoto wa darasa la sita anaiweza siku ya kwanza.

Kama mfuko haujakubali, usikope. Lakini kabla ya kulipia ile ndefu, igonge kidole pale pale dukani huku unachungulia kitu cha mbali, uhesabu. Ikitikisika zaidi ya sekunde tatu, irudishe rafu. Miguu myembamba ya bati imeua hamu ya watoto wengi kuliko mawingu.

Na ukikuta yenye stendi ya mkono uliopinda na uzito wa chuma unaoning'inia, pita. Mimi niliingia mkenge huo. Nilinunua moja kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, nikajiona nimepata. Kitabu chake kikasema: elekeza mhimili kwenye Nyota ya Kaskazini. Siku tatu nimejikunja uani na tochi mdomoni naitafuta. Arusha tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, nyota hiyo kwetu iko chini ya upeo wa macho usiku wote, na hata ingechomoza kidogo, Mlima Meru umekaa palepale. Nikageuza kuelekea kusini: mhimili ukatakiwa ulale karibu sawa na ardhi, na ule uzito ukawa unagonga mguu wa stendi. Mwishowe nilimpelekea bomba fundi seremala wa Ngaramtoni, akanipigia sanduku la plaiwudi. Sehemu za kuteleza tulikata vipande vya dumu la mafuta ya kula. Mpaka leo linazunguka kama siagi.

Sasa mkishafika nayo nyumbani. Ile darubini ndogo ya kutafutia iliyo mgongoni mwa bomba iwekeni sawa mchana, kwa kulenga mnara wa simu wa mbali, jua likiwa nyuma yenu. Msiposawazisha mchana, usiku mtatafuta Mwezi wenyewe mkaukosa, nimeshuhudia. Jioni itoeni nje nusu saa kabla, ipoe. Msitazamie dirishani. Anzeni na kilenzi chenye namba kubwa, 20 au 25, ndicho kinachokuza kidogo na kuonyesha eneo pana, halafu ndipo mbadilishe. Picha itakuwa imepinduka chini juu. Haijaharibika, nyota hazina miguu.

Usiku wa kwanza uwe wa Mwezi wa siku tano mpaka nane, ule ambao kwetu hulala chali kama mtumbwi. Mwezi mpevu unaumiza jicho na umekuwa bapa kama sahani. Tazameni pale mwanga unapokutana na giza: kila shimo lina kivuli chake, na kuna vilele vinavyowaka peke yake ndani ya giza kwa sababu jua limevifikia kabla ya tambarare ya chini. Mwache binti akae hapo muda anaotaka. Taa za Sakina hazizuii Mwezi wala sayari. Kwa vitu hafifu subirini umeme ukatike. Mtaa mzima ukilalamika, mimi ndiyo natoa sanduku langu.

*Mzee, salama? Nakuwa kambini na wageni na kila usiku wananiuliza nyota. Nina binokula yangu ya ndege, 8x42 (inakuza mara 8, lenzi za milimita 42). Nayo ni darubini au nitafute nyingine? (Dereva, Kijenge)*

Salama dereva. Unayo tayari, na kwa baadhi ya vitu inaishinda ya huyo mama. Kilimia, kile kishada cha nyota, kwa mfano. Darubini kubwa inaona kipande chake tu, yako inakimeza chote, nyota nyingi za buluu mahali ambapo jicho linaona sita. Waambie wageni jina limetoka kwenye kulima, na wazee walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Hiyo hawataikuta kwenye simu zao. Januari na Februari kipo juu jioni, na Jabari, lile kundi la nyota wazungu wanaloliita Orion, yuko karibu utosini. Chini ya nyota tatu za mkanda wake kuna doa la ukungu, huko nyota mpya zinazaliwa. Mei na Juni tazama upande wa Msalaba wa Kusini, pembeni utakuta kidonge cha pamba kiitwacho Omega Centauri. Ni nyota mamilioni.

Siri ni kutulia. Zima injini kabisa, laza binokula juu ya kile kifuko cha maharage cha kuegemeza kamera, pale kwenye paa la gari. Mikononi Mshtarii anacheza ngoma; juu ya kifuko utaona vidoti vya miezi yake vimejipanga kwenye mstari.

Na niletee hiyo binokula, najua ina vumbi la Ngorongoro.

*Fundi, nina darubini ya lenzi ya shule na ndani ya boksi kuna kioo kidogo cheusi kimeandikwa "Jua". Nataka kuwaonyesha wanafunzi. Nakifungaje? (Mwalimu, Usa River)*

Usikifunge. Kivunje, mwalimu, asije akakiokota mwingine. Kinakaa kwenye kilenzi cha jicho, mahali ambapo joto lote la jua limekusanywa, na kikipasuka jicho la mwanafunzi liko nyuma yake. Hutasikia maumivu, retina haina neva za maumivu. Kichujio cha jua kinachofaa hufunika mdomo wa mbele wa darubini, mwanga unapunguzwa kabla haujaingia. Kama hunacho, toboa tundu la sindano kwenye karatasi ngumu, jua lipite lidondoke kwenye karatasi nyeupe, darasa lote litazame karatasi.

*Fundi, mambo? Nimenunua darubini ya milimita 70, nimeitafuta sayari ya Zohali wiki mbili, mawingu ya Julai yakanisumbua. Jana nimeipata. Ni ndogo kama punje ya mchele! Kwenye boksi imejaa picha nzima. Nimeibiwa? (Kijana wa Pasua, Moshi)*

Poa kijana. Hujaibiwa, na hongera kwa kuipata mwezi wa Julai, Moshi na Arusha wakati huo ni sweta na mawingu. Subiri Septemba na Oktoba. Picha ya boksi huenda imepigwa na chombo kama Cassini, kilichozunguka Zohali yenyewe kuanzia 2004 mpaka 2017. Wewe uko uani kwenu.

Galileo aliitazama mwaka 1610 akadhani ni nyota tatu zimeshikana, na ilichukua zaidi ya miaka arobaini mpaka Christiaan Huygens, mtaalamu wa nyota wa Uholanzi, akaelewa kuwa ni pete. Wewe umeiona pete usiku mmoja. Sasa weka kilenzi cha 10, kaa kwenye stuli, usishike bomba. Itapita kutoka ukingo mpaka ukingo kwa dakika kama tatu. Sogeza kidogo, iache ipite tena. Ukiivumilia hivyo mara nne tano, hewa itatulia kwa nukta moja na utaona weusi mwembamba kati ya pete na sayari. Ukiuona niandikie, nataka kujua ilikuwa saa ngapi.