Fomu ya Aprili inawavunja moyo wahudumu wangu

SWALI: Assalaam alaykum. Ninasimamia wahudumu 12 wa vyumba katika hoteli moja ya Nungwi. Kila Aprili, wageni wakipungua, tunajaza fomu ya tathmini na kumpa kila mtu alama, 1 hadi 5. Baada ya hapo wengine hununa, wengine hufanya kazi ilimradi siku ipite. Nifanyeje?
Msimamizi, Nungwi

JIBU: Waalaykum salaam. Anayejaza fomu wakati wa masika hukumbuka ya Februari na Machi. Aliyebeba mzigo wa Agosti, hoteli imejaa, haoni chochote cha jasho lile kwenye alama yake.

Anza na daftari. Kila wiki andika jambo moja au mawili ya kila mhudumu, kwa tarehe na namba ya chumba: "chumba 14, bafu lina mchanga, amerudia". Usiandike "mvivu". Mwaka 1996 watafiti Kluger na DeNisi walichambua tafiti nyingi kuhusu mrejesho, yaani kumwambia mtu amefanyaje, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya mirejesho ilishusha utendaji. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hudhuru pale unapomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi yake.

Kisha kaa na kila mmoja dakika 15 kwa mwezi, faragha, si ukumbini mbele ya wenzake. Ramadhani mkae asubuhi. Mwache aanze yeye: nini kinamkwamisha? Akisema mashuka yanachelewa kwa dobi, hesabu. Kila kitanda kinahitaji seti tatu: moja kitandani, moja stoo, moja inafuliwa. Mkiwa nazo mbili, kumkata alama kwa kuchelewesha chumba ni dhuluma. Mwambie utamjibu lini, na siku hiyo umjibu, hata kama meneja amekataa. Ukinyamaza mara mbili, mwezi wa tatu atakwambia "kila kitu sawa" na hutapata tena la kweli.

Kipimo kiwe vyumba vilivyopita ukaguzi mara ya kwanza, na idadi mkubaliane naye. Nyota za wageni mtandaoni ziache: umeme ukikatika au kiyoyozi kikiharibika, mgeni hupunguza nyota kwa jambo ambalo mhudumu hana uwezo nalo.

Habari ya mshahara iwekeeni siku yake. Anayesubiri kusikia nyongeza hatasikia habari ya bafu.

Fomu ya Aprili ikifika, ijaze kutoka kwenye daftari. Ukikuta humo kosa ambalo mhudumu hajawahi kuambiwa kwenye vikao vya mwezi, lifute.