Shairi la vita lisilo na risasi

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Tunasoma mashairi ya Wilfred Owen, askari wa Kiingereza aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Lile la gesi ya sumu, "Dulce et Decorum Est", linanisisimua mwili kila nikilisoma. Lakini wenzangu wanashikilia kwamba "Futility" ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kuwa vita ni kazi bure. Mimi sioni vita humo. Hakuna bunduki, adui wala damu. Kuna maiti, theluji na jua, basi. Wananidanganya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hawakudanganyi, na wewe pia umeona sawasawa. Vita havimo. Kilichomo ni hasara tupu, na hasara hiyo Owen anaipima kwa kipimo kikubwa kuliko cha mapigano.

Anza na sauti. Shairi linafunguka kwa amri: msogezeni juani. Owen alikuwa luteni katika Manchester Regiment, na kutoa amri ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini tazama amri yenyewe! Mtu amekwisha kufa, na bado wenzake wanaambiwa wamtoe kivulini, kwa kuwa jua ndilo lililozoea kumwamsha: kwao, kwenye mashamba yaliyokuwa yakingoja mbegu, na hata huku Ufaransa, mpaka asubuhi ya leo. Anayesema anajua kuwa haitasaidia. Anasema hivyo hivyo.

Baridi hiyo Owen hakusimuliwa. Mapema mwaka 1917 kikosi chake kililala kwenye theluji mstari wa mbele, na katika barua kwa mama yake alieleza kwamba mmoja wa watu wake aliganda akafa. Usimtafute huyo ndani ya shairi, lakini. Wa kwenye shairi hana jina, hana cheo, hata jeraha hatuonyeshwi. Tunachojua ni kwamba alikuwa mtu wa shamba.

Halafu njoo ubeti wa pili, ambapo hesabu inapanuka. Jua hilo hilo huamsha mbegu. Zamani liliamsha hata udongo wa nyota iliyokuwa baridi, yaani dunia yenyewe. Limeshindwaje na mwili uliokamilika kwa gharama yote hiyo, wenye joto bado? Kisha linakuja swali: udongo ulirefuka ukawa mtu kwa ajili ya hili? Na miale ya jua, anayoiita ya kipumbavu, ilijisumbua nini kuiamsha dunia usingizini? Kifo kimoja kimegeuza kazi yote ya uumbaji kuwa bure. Kama angemtia adui hapo, tungepata wa kumlaumu, tukapumua.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, shairi hili linalizidi lile la gesi. Kule Owen anabishana na mtu: anamkabili anayewafundisha watoto uongo wa zamani kwamba kufia nchi ni kutamu na kunastahili. Ni hoja kali, na hoja hujibika. (Wanafunzi hulipenda pia kwa sababu linaandikika vizuri kwenye mtihani, tuseme kweli.) Hapa hakuna wa kubishana naye.

Sasa vina, ambavyo naona hukuvigusa. Sisi tumelelewa na vina vinavyotimia, sikio linajua litatua wapi. Owen anaoanisha "sun" na "sown", "once" na "France", "seeds" na "sides", "star" na "stir". Konsonanti zinapatana, irabu zinakataa. Kila mstari unakuahidi kituo halafu unakunyima, kama jua linavyomgusa yule kijana asiamke. Ila mwisho wa kila ubeti kina kinatimia kabisa. Ubeti wa kwanza "know", kujua, inatua juu ya "snow", theluji: jua ndilo litakalojua la kufanya, tunaambiwa, lakini sikio limekwisha kurudishwa kwenye theluji. Ubeti wa pili "all" inatua juu ya "tall", na hapo hapo ndipo swali lisilo na jibu linapoishia. Sauti inafunga wakati maana imebaki wazi.

Neno moja la tahadhari. Vitabu vingi vitakukumbusha kwamba Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, akiwa na miaka 25, kikosi chake kikijaribu kuvuka mfereji wa Sambre–Oise karibu na Ors, wiki moja tu kabla ya vita kusimama. Ni kweli, na inauma. Lakini "Futility" lilikuwa limekwisha kuchapishwa Juni mwaka huo katika jarida la The Nation, mwandishi akiwa hai. Ukiulizwa shairi linaonyeshaje ubatili wa vita, usijibu kwa kifo chake. Jibu kwa "snow" na "know".