Udaktari wa miaka sita Marekani: je, binti akubali?

Dada, umeuliza kama binti yako, anayemaliza sekondari hapo Marekani, achukue nafasi ya programu inayounganisha shahada ya kwanza na udaktari, au aende chuo cha kawaida kwanza. Njia ya kawaida ni miaka minne ya shahada ya kwanza na mingine minne ya udaktari. Chuo kikuu cha UMKC, kule Kansas City, kinaifanya yote kwa sita, ila likizo ndefu za kiangazi asizitegemee sana. Chuo kikuu cha Brown wao hawafupishi. Ni miaka minane ile ile, lakini kiti cha udaktari kinakuwa kimeshikwa na MCAT, ule mtihani wa kuingia shule ya udaktari, hafanyi.

Mimi ningeanza na karatasi za uhamiaji. Programu nyingi za aina hii hupokea raia au wakaazi wa kudumu tu, kwa hiyo kama bado mko kwenye viza, ulizeni ofisi ya udahili kabla hamjalipa ada ya maombi.

Halafu waombeni chuo masharti ya kuendelea kwa maandishi: GPA (wastani wa alama) ya chini inayokubalika, MCAT kama ipo, na je, akitaka kujitoa mwaka wa tatu anaondoka na digrii au mikono mitupu? Hapo ndipo wengi hukwama, si kwenye kuingia.

Na mkipiga hesabu ya pesa, kumbukeni baada ya hapo kuna mafunzo ya ubingwa, miaka mitatu au zaidi, japo hayo analipwa mshahara.

Yeye mwenyewe anasemaje? Katika swali lako lote mnaozungumza ni wewe na baba yake.