Barua kwa Mwanangu: Kuchagua Kabla ya Kujua

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma, tena nimeirudia. Unauliza utajuaje kwamba inakupasa kuikubali kazi ile ya mbali, na kwamba mchumba wako ndiye hasa wa kuishi naye, ilhali hakuna awezaye kukuhakikishia hata moja kati ya hayo mawili. Umeniomba nisikujibu kwa methali, nami nimekubali, ingawa kwa mama wa umri wangu hilo ni kama kunyang'anywa fimbo.

Ukweli ni kwamba hutajua. Uhakika unaousubiri hautangulii uamuzi. Sehemu yake huja polepole mtu anapoishi ndani ya kile alichokichagua, na sehemu nyingine haiji kabisa.

Mwaka 1838 Charles Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, akiwa na miaka 29, aliandika kwenye karatasi sababu za kuoa upande mmoja na za kutooa upande wa pili. Alihofia kupotewa na muda na kupungukiwa na fedha za vitabu; alitamani watoto, na mwenzi wa kuzeeka naye. Hesabu yake ikamwambia aoe, na Januari 1839 akamwoa Emma Wedgwood. Hata hivyo, karatasi ile haikutaja kwamba Emma angemuuguza kwa miaka mingi, wala kwamba mwaka 1851 wangempoteza binti yao Annie, mwenye umri wa miaka 10. Aliyapima kwa makini yale aliyoweza kuyaona, na maisha yakamletea mengine.

Sikukatazi kuandika orodha yako. Iandike, kwa kuwa itakuonyesha unaogopa nini, lakini usiitazamie ikutabirie.

Kuhusu kazi sina maneno mengi. Soma mkataba, zungumza na waliowahi kuifanya, na uulize ni kwa masharti gani unaweza kuiacha. Mlango unaofunguka pande zote mbili haustahili kukukosesha usingizi kwa wiki nzima.

Mapenzi ni jambo zito zaidi, na hapo nadhani unaulizia mbali mno. Unataka kujua kama atakupenda baada ya miaka 20, swali ambalo hata yeye mwenyewe hawezi kulijibu kwa uaminifu. Yapo, hata hivyo, mambo yanayoonekana leo: anavyopokea habari mbaya, anavyowatendea watu wasioweza kumlipa chochote, anavyozungumza nawe siku mnapotofautiana kuhusu fedha, na kama anaweza kutamka "sijui" bila kukasirika. Mtu wa namna hiyo naye anaweza kubadilika, lakini utakuwa umeanza na mtu unayemfahamu, wala si na ahadi tu.

Je, umekwisha kumweleza kwamba unaogopa? Katika barua nzima sikuona mahali ulipoandika kwamba mmelizungumza jambo hili wawili ninyi, na hilo limenisumbua kuliko hofu yenyewe. Mwulize naye anaogopa nini kuhusu safari hiyo, kisha umsikilize hadi amalize kabla hujajitetea.

Baba yako ana maoni tofauti na yangu, naye ameahidi kukuandikia mwenyewe. Usingoje barua yake wala idhini yangu; waajiri wako wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na anayepaswa kuzungumza nawe kwanza ni mchumba wako.

Mama yako