Simoni yupi? Jina moja, watu tisa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kuna klipu inazunguka WhatsApp, mhubiri anasema Simoni mkoma wa Bethania, Simoni Farisayo aliyemwalika Yesu chakulani, na Simoni baba yake Yuda Iskariote ni mtu mmoja. Eti ndiyo maana Yuda aliumia marhamu ilipomwagwa: ilimwagwa nyumbani kwao. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Huyo baba yake Yuda amebandikwa tu. Yohana 6:71 inamtaja kama Simoni Iskariote, basi. Haisemi aliishi Bethania wala kwamba aliugua ukoma. Na Yohana 12, yenye malalamiko ya Yuda, haimtaji mwenye nyumba kabisa. Hayo ya “nyumbani kwao” yametoka kichwani mwa mhubiri.

Kuhusu mkoma na Farisayo, wasomi hubishana kama Marko 14 (nyumbani kwa mkoma) na Luka 7 (nyumbani kwa Farisayo) zinatokana na kisa kimoja cha mwanamke aliyempaka Yesu marhamu. Lakini hupima chupa ya alabasta, kichwa kupakwa hapa na miguu kule, Bethania siku mbili kabla ya Pasaka dhidi ya kisa cha Luka, ambamo Yesu anaonekana bado yuko Galilaya. Hakuna anayeheshimu kazi yake atakayesema, “Si wote wanaitwa Simoni?”

Hapo ndipo ninapochoka. Simoni ndilo jina la kiume lililoongoza kwa Wayahudi wa Palestina wakati ule, na Yosefu lilifuata. Familia ya Wamakabayo, iliyoongoza uasi katika karne ya 2 KK, ilikuwa na Simoni, Yuda, Yohana na Yonathani, na watu waliendelea kuwapa watoto majina ya mashujaa hao. Agano Jipya peke yake lina kina Simoni tisa. Kwa wanawake ndiyo usiseme: zaidi ya robo ya wale ambao majina yao yametufikia waliitwa Maria au Salome.

Kwa hiyo jina lilihitaji kitambulisho: baba, mji, kazi, ugonjwa, jina la utani, hata watoto. Simoni Mkirene anatajwa kama baba yao Aleksanda na Rufo, sawa na sisi tunavyosema Baba Asha. Soma Matendo 10 polepole. Malaika anamwagiza Kornelio amwite Simoni, “aitwaye Petro”, aliyefikia kwa Simoni mwingine, mtengenezaji wa ngozi, mwenye nyumba kando ya bahari. Mgeni Simoni, mwenyeji Simoni! Malaika mwenyewe hakutegemea jina tupu, sembuse mtu wa klipu. Yohana naye, akifika 14:22, anaandika haraka “Yuda, siye Iskariote”, msomaji asije akamdhania msaliti.

Mwandishi akiweka vitambulisho tofauti, ana sababu. Ukivifuta ili upate “siri iliyofichwa”, unaharibu maandishi, na mara nyingine unaharibu jina la mtu. Mwaka 591 Papa Gregori Mkuu alihubiri kwamba Maria Magdalene, Maria wa Bethania na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7, ambaye hata jina hakupewa, ni mmoja. Magdalene akabeba sifa ya ukahaba karne na karne. Kalenda ya Kikatoliki ilikuja kuwatenganisha mwaka 1969.

Wauza siri wa leo wana filamu. Mwaka 1980 wajenzi wa Talpiot, Jerusalem, walikuta kaburi lenye masanduku kumi ya mifupa; moja limeandikwa “Yesu mwana wa Yosefu”, na mengine yana majina kama Maria na Yose. Mwaka 2007 filamu ikatangaza kwamba hiyo ndiyo familia ya Yesu wa Nazareti. Amos Kloner, mwanaakiolojia aliyechapisha ripoti ya kaburi hilo mwaka 1996, alikuwa ameyasoma majina yote hayo zamani, na hakuona cha kuitia watu: yalikuwa majina ya kila mtaa.