Shangazi, nimechoka kusimulia upya

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kisumu, umri wangu miaka 34. Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike akiwa tayari ameaga. Maziwa yalikuja, na hakukuwa na wa kuyanyonya. Kaunsela wa kwanza nilielekezwa na rafiki wa kanisani. Alifungua kwa maombi, akaniambia Mungu ana mpango na mimi bado ni kijana, nitapata mwingine. Sikurudi. Wa pili ana ofisi nzuri Milimani, amesoma, ni mpole, tunaongea Kiingereza, na hunipa karatasi za kujaza nyumbani. Nimeenda mara tano. Najibu vizuri, namshukuru, halafu nalia kwenye tuktuk hadi nyumbani. Mume wangu anasema nitafute mwingine au niache kupoteza pesa. Nikiwaza kusimulia yote tena, naishiwa nguvu. Mfuko wa nguo za mtoto bado uko juu ya kabati. Je, shida ni mimi?*
*Mwalimu, Kisumu*

Marahaba, mpwa wangu. Pole sana kwa kumpoteza binti yako.

Shida si wewe. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama kwenye maneno mawili: "najibu vizuri". Bila shaka unajibu vizuri! Miaka yote hiyo umeshika kalamu nyekundu, kwa hiyo ukikalishwa upande wa pili wa meza unajua hasa msahihishaji anataka nini. Ofisi safi, Kiingereza, karatasi za kujaza: ingekuwa ajabu usigeuke mwanafunzi bora. Na mwanafunzi bora halii darasani, hungoja tuktuk.

Basi nikuulize swali ambalo ningemuuliza kila anayetafuta kaunsela huku kwetu: wewe hulia kwa lugha gani? Kiingereza ni lugha yako ya kazi, ya ripoti za muhula na mikutano ya wazazi. Hukuniambia nyumbani kwenu mlizungumza nini, ila kama ni Dholuo, unajua kwamba huko huzuni hukaa kwenye *chuny*, na *chuny* ni moyo na ni ini pia. Mtu akisema *chunya lit*, yaani moyo wangu unauma, ukilipeleka neno hilo kwa Kiingereza linafika limeoga na kuvaa tai. Tafuta mtu ambaye unaweza kumwambia kama lilivyo. Iwe Dholuo, Luhya au Kiswahili cha Kondele, kisikutie aibu.

Kabla hujamwacha huyu wa pili, mpe kikao kimoja zaidi na umsomee barua uliyoniandikia mimi. Nzima, pamoja na tuktuk. Sioni mahali ambapo amekukosea. Karatasi zile si upuuzi: njia ya kuandika mawazo na kuyachunguza imewasaidia wengi, hasa wanaosumbuliwa na hofu. Lakini Mmarekani mmoja, Edward Bordin, aliandika mwaka 1979 kwamba kazi ya kaunsela na mteja hushikiliwa na mambo matatu: kukubaliana mnakokwenda, kukubaliana mtafikaje, na kuaminiana. Upole wa kaunsela wako umekupa kidogo cha hilo la tatu. Mawili ya kwanza nadhani hamkuwahi kuyazungumza. Yeye anakufundisha kupanga mawazo, nawe huenda ulitaka mtu wa kukaa naye huku ukimtaja mtoto. Kaunsela anayejua kazi akiambiwa hivyo hanuni. Atabadilisha njia, au atakutafutia mwenzake anayefaa zaidi. Akinuna, umepata jibu lako.

Kuhusu kusimulia upya, hapo naona unajitwika mzigo usio wako. Andika ukurasa mmoja, mara moja tu: kilichotokea, ulichojaribu, kilichokuumiza kwa yule wa kwanza. Mpya asome kabla hujafika. Pia unaweza kumruhusu huyu wa sasa aandike muhtasari na kuupeleka kwa mwenzake, mradi wewe umekubali. Na huna haja ya kwenda kikao kizima ili kumjaribu mtu. Wengi watakupa dakika kumi au kumi na tano kwa simu. Muulize kama amewahi kufanya kazi na mama aliyejifungua mtoto mfu, kisha nyamaza usikilize. Akikimbilia "utapata mwingine", kata simu kwa adabu. Muulize pia ada, na kama ada hiyo hupungua kwa mwenye uhitaji. Ukiona haya kuuliza bei, jifanye uko soko la Kibuye unanunua omena.

Muulize tena alisomea wapi na kama amesajiliwa. Tangu 2014 tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia iliyounda bodi ya kuwasajili, lakini bango la "kaunsela" bado huchorwa na yeyote mwenye rangi na brashi. Mimi mwenyewe, baada ya kumzika mume wangu, nilikaa mbele ya mmoja, jina tuliache, akatumia robo saa kunieleza talaka yake. Nilimpa pole, nikamlipa, nikatoka.

Huyo wako wa kwanza, kwa kweli, alikuwa mchungaji aliyekosea mlango. Imani yake si kosa. Wapo waumini wengi waliosomea kazi hii ambao hawatakuhubiria hata neno moja usipotaka, na ukitaka maombi unaruhusiwa kuyaomba. Uamuzi ni wako, na useme mapema.

Kisumu pia ni ndogo kuliko inavyojidai. Kabla ya kumwaga moyo, hakikisha huyo kaunsela haimbi kwaya moja na mama mkwe wako. Siri yako anapaswa kuitunza, isipokuwa akiona uhai wako au wa mtu mwingine uko hatarini, na hilo akueleze siku ya kwanza. Kama unaogopa kuonekana ukiingia ofisini kwake, wapo wa Nakuru na Eldoret wanaofanya vikao kwa simu ya video. Ukiamua hivyo, tafuta chumba chenye mlango unaofungwa.

Sasa jambo ambalo hukuliandika, nami sitalipita. Kama hulali, huli, au kuna usiku unaona afadhali usingeamka, anza na daktari, kwa sababu dawa haziandikwi na kaunsela. Nenda hospitali ya Jaramogi, ile tunayoiita Russia, uulize kliniki ya afya ya akili. Usiku ukiwa mzito sana, 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigwa bure. Mumeo pia ajue namba hiyo. Naye alimpoteza binti huyo huyo, na huenda kuhesabu pesa ndiyo njia pekee anayoijua ya kulisema hilo.

Ukimpata kaunsela mpya, mpe vikao vitatu au vinne kabla ya kumhukumu. Angalia jambo moja tu: ukitoka kwake, umelia kule ndani au bado unalisubiri tuktuk?

Na ule mfuko ulio juu ya kabati, mtu yeyote asiushushe kwa niaba yako, hata dada yako mwenye nia njema. Ukiwa tayari, unaweza hata kuubeba uende nao kwenye kikao.

Shangazi